Seli zimerefuka, zimefupika au zimekatwa: kutafuta hitilafu katika mzunguko wa seli

Umefungua inkubeta asubuhi, ukadondosha tone la hamira kwenye kioo, ukainamia hadubini. Seli ambazo jana zilikuwa vijiti vifupi leo zimekuwa ndefu kama tambi. Au kinyume chake, zote zimebaki punje ndogo. Au kila seli ina ukuta uliopita katikati ya kiini na kukikata vipande viwili. Wa kwanza kulaumiwa huwa ni jeni uliyoibadilisha. Miaka niliyokaa na hamira hii imenifundisha kwamba mara nyingi jeni haina hatia, na hata inapokuwa na hatia, seli imeshakuonyesha ni kimeng'enya gani kilichoharibika kabla hujamimina jeli ya kwanza. Urefu wa seli ni kipimo, na mwongozo huu ni wa kukisoma.

Hamira ninayoisema ni Schizosaccharomyces pombe. Neno "pombe" ni letu kabisa: mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner aliitoa kwenye pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki, akaipa jina la kinywaji alichoikuta ndani yake. Aina inayotumika leo katika maabara nyingi ilitoka kwenye maji ya zabibu huko Ulaya, na Mswisi Urs Leupold ndiye aliyeanza kuifanyia utafiti wa urithi katika miaka ya 1940. Hata hivyo jina limebaki, na hunifurahisha kila ninapoliona kwenye lebo ya chupa.

Kwa nini urefu unasema kweli

Seli ya pombe ni kijiti chenye upana wa mikromita 3 hadi 4. Huongezeka kwa urefu tu, kwenye ncha. Inapoingia kwenye mgawanyiko huacha kurefuka, hugawa kiini, hujenga kiwambo katikati, kisha hupasuka ikawa mbili. Kwa hiyo ukipima seli yenye kiwambo, na hiyo peke yake, unapima urefu iliokuwa nao ilipoamua kugawanyika. Kwa hamira ya kawaida, kwenye chakula kizuri, urefu huo ni kama mikromita 14. Watoto huzaliwa wakiwa na 7 hadi 8.

Uamuzi wa kugawanyika uko mikononi mwa kimeng'enya kimoja, Cdc2, ambacho ni kinasi, yaani kimeng'enya kinachoweka fosfeti juu ya protini nyingine. Ili kifanye kazi kinahitaji kuungana na saiklini, protini mshirika inayokiwasha, ambayo kwa pombe huitwa Cdc13. Lakini kuungana hakutoshi. Kinasi kingine, Wee1, huweka fosfeti juu ya tairosini ya 15 ya Cdc2, yaani amino asidi ya 15 katika mnyororo wake, na fosfeti hiyo ni kama komeo: mlango upo, watu wapo, lakini hakuna anayepita. Fosfatasi Cdc25 huliondoa komeo hilo. Wee1 ikizidi, au Cdc25 ikipungua, seli husubiri huku ikirefuka. Wee1 ikikosekana, au Cdc25 ikizidi, seli hugawanyika kabla haijakua. Pima urefu, utajua mkono upi umelemea.

Jina wee1 linatokana na neno la Kiskoti la "dogo". Paul Nurse, akiwa Edinburgh, aliona seli zilizogawanyika zikiwa na karibu nusu ya urefu wa kawaida, akachapisha habari hiyo mwaka 1975. Baadaye zilikusanywa karibu mutanti 50 za aina hiyo, yaani hamira zenye jeni iliyobadilika. Zote isipokuwa moja zilikuwa na kasoro kwenye wee1. Hiyo moja ilikuwa kwenye cdc2 yenyewe, na ndiyo iliyofundisha zaidi: ilionyesha kwamba Cdc2 si kimeng'enya kinachohitajika tu, bali ndicho kinachoamua wakati. Ndiyo maana namsihi kila mwanafunzi asitupe koloni isiyofanana na wenzake kabla ya kuiangalia mara mbili.

Dalili ya kwanza: seli ni ndefu mno

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote na ndiyo yenye sababu nyingi.

Anza na kipimajoto. Mutanti nyingi za mzunguko wa seli ni za joto: cdc25-22, yenye Cdc25 isiyostahimili joto, hugawanyika kwa nyuzi 25 na kukwama kwa nyuzi 36. Hata kwa nyuzi 25, seli za cdc25-22 huwa ndefu kidogo kuliko za kawaida, kwa hiyo usishtuke ukiziona na mikromita chache za ziada. Lakini kama rafu ya inkubeta yako iko kwenye nyuzi 29 huku kioo cha mbele kikisema 25, utapata seli ndefu kwelikweli na utaandika kwenye daftari kwamba jeni yako mpya ina athari. Nilipoteza wiki 3 nzima kwa kosa hilo. Inkubeta ilikuwa na joto tofauti juu na chini, na mimi nilikuwa nikiweka sahani za mutanti juu na za kulinganishia chini. Tangu siku ile kipimajoto changu hukaa ndani ya chupa ya maji kwenye rafu ileile yenye sahani, na sahani za kulinganishia hukaa ubavuni mwa mutanti.

Pili, uliza kama seli zako bado zina seti moja ya kromosomu. Pombe huishi na seti moja, lakini mara moja moja seli hujizidisha ikawa na seti mbili, na seli hizo hugawanyika zikiwa na zaidi ya mikromita 20. Tofauti na mutanti ya cdc25, hizi ni nene pia. Zioteshe kwenye sahani yenye rangi ya floksini B: koloni zenye seti mbili hugeuka waridi iliyokolea kuliko majirani zake. Kabla ya kuchukua koloni yoyote kutoka sahani ya seli ulizoziingizia DNA mpya, fanya jaribio hili. Linakula siku mbili na linaokoa miezi.

Tatu, tazama kama DNA imeharibika au haijamaliza kunakiliwa. Seli yenye DNA mbovu haikosi Cdc25, imeamriwa isubiri. Kinasi Rad3 hugundua tatizo, huwasha kinasi Chk1 au Cds1, na hizo huzuia Cdc25 na kuimarisha Wee1, komeo likabaki mahali pake. Matokeo kwenye hadubini ni yaleyale: seli ndefu, kiini kimoja, hakuna kiwambo. Ukiwa umeweka hidroksiyurea ya milimola 12, ambayo hukausha malighafi ya DNA, hiyo ndiyo picha utakayoiona kwenye hamira yenye afya.

Utazitenganishaje? Kukagua fosfeti ya tairosini 15 hakutakusaidia, kwa sababu katika hali zote mbili ipo. Kuondoa wee1 pia hakutoshi kukupa jibu, kwa sababu njia zote mbili hupita hapohapo. Kinachotenganisha ni rad3. Zalisha mutanti yako pamoja na seli zisizo na rad3. Kama urefu unatoweka, seli ilikuwa inatii amri ya ukaguzi, na tatizo lako liko kwenye DNA. Kama urefu unabaki, kasoro iko kwenye Wee1, Cdc25, au kwenye kitu kinachozisimamia. Seli za cdc25-22 zisizo na rad3 zitaendelea kurefuka kwa nyuzi 36 kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Nne, usisahau kwamba seli inaweza kurefuka ikiwa imekwama mwanzoni, kabla ya kunakili DNA. Mutanti za cdc10 hufanya hivyo. Kwa macho hufanana na cdc25. Hapa mashine ya kupima DNA ya seli mojamoja ndiyo hutoa jibu: kilele kimoja kwenye 1C, yaani seti moja ya DNA, maana yake imekwama mwanzo, kwenye 2C, yaani seti mbili, maana yake imekwama mlangoni mwa mgawanyiko. Lakini tahadhari. Hamira ya kawaida inayokua vizuri huonyesha karibu kilele cha 2C peke yake, kwa sababu watoto huanza kunakili DNA kabla hawajaachana. Wanafunzi wengi wakiona 2C hupiga kelele kwamba wamekamata mutanti. Weka kila mara sampuli ya hamira iliyonyimwa naitrojeni, ambayo hukaa kwenye 1C, ili ujue vilele viko wapi.

Ukishapita hayo manne, ndipo uanze kuifikiria jeni yako. Jeni zinazoizuia Wee1, kama cdr2, zikiondolewa huacha seli ndefu. Cdr2 hukaa kwenye vinundu vilivyojipanga katikati ya seli, na kinasi Pom1 hukaa zaidi kwenye ncha. Mwaka 2009 maabara mbili zilionyesha kwa pamoja jinsi Pom1 ya kwenye ncha inavyoibana Cdr2 ya katikati. Ni njia nzuri ya kuelewa, lakini urefu unaotokana nayo ni wa mikromita chache. Seli yako ikifika 30, tafuta kwingine.

Kufungia na kuachilia hakuleti mawimbi

Watu wengi hutumia cdc25-22 ili kuzipanga seli ziende pamoja: zikae nyuzi 36 kwa muda wa saa 4, kisha zirudishwe nyuzi 25. Kilele cha viwambo hutokea takriban dakika 80 hadi 100 baadaye. Ukipata vilima vidogo badala ya kilele, chupa ndiyo ya kwanza kuchunguzwa. Nusu lita ya chakula kutoka nyuzi 25 huchukua muda mrefu kupata joto kwenye inkubeta ya hewa, na muda huo wote seli zinaendelea kuponyoka. Tumia beseni la maji lenye joto, utikise. Wakati wa kurudi chini, zungusha chupa kwenye maji ya barafu huku kipimajoto kikiwa ndani, uitoe ikifika 25. Usiisahau ikashuka hadi 10. Sababu nyingine ni kuanza na hamira iliyokwisha kushiba. Anza na seli zisizozidi milioni 5 kwa mililita, ambazo zimekuwa zikigawanyika bila kukatizwa tangu jana.

Na kama koloni za cdc25-22 zimeanza kuota kwa nyuzi 36? Pima urefu wake. Zikiwa na urefu wa kawaida au fupi, huenda umepata seli zilizopoteza wee1, au zenye badiliko kwenye cdc2. Hilo linawezekana kwa sababu hamira isiyo na wee1 haihitaji tena cdc25: hakuna komeo, hakuna haja ya wa kulifungua. Tupa chupa hiyo, rudi kwenye akiba ya friji ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Lakini kabla ya kutupa, hifadhi koloni mbili tatu. Badiliko cdc2-3w, ambalo limefundisha mengi, lilipatikana kwa njia hiyohiyo ya kutafuta kilichoponya cdc25.

Dalili ya pili: seli ni fupi mno

Njaa kwanza. Hamira iliyofika mwisho wa chakula hugawanyika ikiwa fupi, na ukiihamisha kutoka chakula kizuri kwenda kibaya huharakisha mgawanyiko na kufupika ndani ya muda mfupi. Ukiinyima naitrojeni hugawanyika mara mbili bila kukua, ikawa duara. Huo si ugonjwa wa Wee1. Ni seli inayojua hali ya ghala lake. Kwa hiyo upimaji wa urefu una maana tu kama hamira zote unazolinganisha ziko kwenye chakula kilekile na wingi uleule. Ukikuta matokeo ya mwenzako yana seli fupi, muulize alizikusanya saa ngapi kabla ya kumuuliza jeni gani.

Kama zinakua vizuri na bado zenye viwambo zina mikromita 7 au 8, sasa una mutanti ya aina ya wee. Thibitisha kwa DNA: seli hizi huzaliwa ndogo mno, zikalazimika kusubiri kabla ya kunakili DNA, ndiyo maana kilele cha 1C huanza kuonekana hata zikiwa na shibe.

Kuna tatizo la kinyume chake ambalo huniletewa mara kwa mara: mtu ameongeza Cdc25 kwa kuiweka nyuma ya swichi ya jeni nmt1, akangoja, na seli hazifupiki hata kidogo. Swichi hiyo huzimwa na thiamini. Ukiwa umeotesha kwenye chakula chenye dondoo la hamira, umeipa thiamini kwa mkono wako mwenyewe. Tumia chakula cha chumvi na sukari kisicho na thiamini, osha seli mara tatu, kisha subiri. Swichi hii ni mzito wa kuamka. Huchukua saa 14 hadi 16 kuwaka. Aliyepima baada ya saa 6 hajafanya jaribio.

Wee1 ina ndugu anayeitwa Mik1, naye pia hufunga tairosini 15. Peke yake akiondoka huoni kitu. Wote wawili wakiondoka, seli hukimbilia mgawanyiko kabla ya wakati na hufa. Kwa hiyo koloni zako za wee1-50, mutanti ya wee1 inayozimika kwa joto, zisizo na mik1 zikikataa kuota kwa nyuzi 36, usidhani umekosea kuzalisha. Umefanikiwa.

Dalili ya tatu: kiwambo kimekikata kiini

Picha hii haisahauliki. Seli ina kiwambo, na kiini kimebanwa chini yake kama nguo iliyobanwa na mlango, au nusu moja ina DNA yote na nyingine haina kitu. Ili uione vizuri, hifadhi seli kwa ethanoli ya asilimia 70, paka DAPI kwa ajili ya DNA na Calcofluor kwa ajili ya kiwambo.

Maana yake ni kwamba mgawanyiko wa saitoplazimu umeendelea bila kujali kwamba kromosomu hazijaachana. Kuna njia mbili za kufika hapo. Njia ya kwanza ni kuingia mapema: DNA haijamaliza kunakiliwa, lakini mlinzi hayupo. Seli zisizo na rad3 zikiwekwa kwenye hidroksiyurea hufanya hivi kwa wingi. Mwaka 1990 Tamar Enoch na Paul Nurse walionyesha kwamba cdc2-3w nayo hupuuza hidroksiyurea, lakini seli zisizo na wee1 hungoja kama kawaida. Mutanti mbili, zote fupi, zote zinagawanyika mapema, na moja tu ndiyo iliyopoteza uwezo wa kusubiri. Usiandike kamwe kwamba mutanti ni ya ukaguzi eti kwa sababu ni fupi. Iweke kwenye hidroksiyurea uhesabu.

Njia ya pili ni kuingia kwa wakati lakini kushindwa kutoka. Kromosomu pacha hushikwa pamoja hadi kimeng'enya separasi, ambacho kwa pombe huitwa Cut1, kiwashwe na kukata pingu. Kabla ya hapo Cut1 hulindwa na Cut2, na Cut2 huharibiwa kwa amri ya changamano la APC, kundi la protini linaloziwekea nyingine alama ya kuharibiwa. Kikiharibika chochote katika mnyororo huo, kromosomu hazitengani lakini kiwambo huja hata hivyo. Kutofautisha ni rahisi: seli za njia ya pili hukata viini hata kwenye chakula cha kawaida, bila hidroksiyurea, na DNA yake ni 2C kamili.

Viini vingi bila kiwambo, yaani seli moja ndefu yenye viini vinne au vinane, si suala la Cdc2. Ni mtandao wa kinasi unaoamuru kiwambo, jeni kama cdc7 na cdc11. Viwambo vingi bila mgawanyiko wa kiini ni kinyume chake: breki ya mtandao huo, cdc16, imeondoka.

Majina yanayopotosha

Baadhi ya hitilafu hazipo kwenye chupa. Zipo kwenye majina. Leland Hartwell alitoa jina cdc kwa jeni za hamira ya kuchipua, Saccharomyces cerevisiae, ile ya mikate na maandazi. Wa Edinburgh nao wakatoa jina hilohilo kwa jeni za pombe, kila upande na namba zake. Cdc2 ya pombe ni CDC28 ya hamira ya maandazi, na kwa binadamu ni CDK1. Lakini CDC2 ya hamira ya maandazi ni polimerasi ya DNA. Cdc13 ya pombe ni saiklini. CDC13 ya pale hulinda ncha za kromosomu. Cdc16 ya pombe ni breki ya kiwambo. CDC16 ya pale ni sehemu ya APC. Na CDC14 ya hamira ya maandazi, fosfatasi inayosaidia seli kutoka kwenye mgawanyiko, kwa pombe huitwa Clp1, wakati cdc14 ya pombe ni kitu kingine kabisa. Nimeona plasmidi ikiagizwa kwa gharama na kungojwa kwa mwezi mzima, kumbe ni ya hamira nyingine. Andika jina la hamira mbele ya jina la jeni, kila mara, hata kwenye kifuniko cha kichupa.

Hamira ya kuchipua haikwami kwa alfa

Kwa hamira ya maandazi urefu hausemi mengi. Kinachosomwa ni chipukizi. Bila chipukizi, seli iko mwanzo. Chipukizi dogo, inanakili DNA. Chipukizi kubwa na kiini kimoja, iko mlangoni. Chipukizi kubwa na viini viwili, imeshindwa kutoka. Wee1 ya hapa huitwa Swe1 na Cdc25 huitwa Mih1, lakini katika siku za kawaida hazina uzito zilio nao kwa pombe. Lindo kubwa liko mwanzoni.

Ndiyo maana watu huzipanga kwa homoni ya alfa, nayo ikishindwa, sababu karibu kila mara ni moja kati ya tatu. Seli si za jinsia a; zile za jinsia alfa na zenye seti mbili hazisikii homoni hiyo. Au zina kimeng'enya Bar1, ambacho huikatakata homoni ndani ya chupa, na baada ya saa moja na nusu seli zinaanza kuchipua tena. Tumia aina isiyo na bar1, utahitaji homoni kidogo sana kuliko kawaida. Au ulikuwa na seli nyingi mno. Kabla ya kuhesabu, zitikise kwa mawimbi ya sauti, maana mama na mtoto waliokwisha kuachana hubaki wamegandana na utawahesabu kama chipukizi kubwa.

Ukiona seli moja yenye chipukizi refu tatu nne na DNA ya 1C, Sic1 haijaharibiwa. Sic1 hukalia saiklini za kunakili DNA, na changamano lenye Cdc4 na Cdc34 ndilo huiwekea alama ya kwenda jalalani. Ondoa SIC1 kwenye mutanti hiyo: DNA ikinakiliwa, umepata jibu.

Bendi ya tairosini 15 imetoweka

Kingamwili iliyotengenezwa kwa ajili ya tairosini 15 yenye fosfeti ya CDK1 ya binadamu hufanya kazi kwa pombe, kwa sababu amino asidi zinazoizunguka tairosini hiyo ni zilezile. Bendi yake ikikosekana kwenye jeli, usikimbilie kusema Cdc25 imezidi. Fosfatasi za seli zinaendelea kula fosfeti baada ya seli kupasuka. Weka vanadeti, inayozizuia fosfatasi hizo, kwenye bafa. Afadhali zaidi, ua seli papo hapo kwa asidi ya trikloroasetiki ndani ya chupa yenyewe. Anayezizungusha kwenye sentrifuji kwa dakika kumi kwanza amezinyima chakula kwa dakika kumi, na pombe hujibu njaa upesi. Bendi anayoiona ni ya njaa.

Dondoo la mayai ya chura halizunguki

Mwaka 1987 Melanie Lee na Paul Nurse waliweka DNA ya binadamu ndani ya pombe yenye cdc2 mbovu, na jeni ya binadamu ikaiponya. Mwaka uliofuata kimeng'enya kilichosafishwa kutoka mayai ya chura Xenopus kiligundulika kuwa na Cdc2 ndani yake. Tangu hapo, kujua kutafuta hitilafu kwa hamira ni nusu ya kujua kuitafuta kwa wanyama wenye uti wa mgongo.

Yai la Xenopus lililotagwa limesimama katikati ya mgawanyiko, likingoja mbegu. Kinacholishikilia ni Emi2, kinachoizuia APC isiharibu saiklini. Kalsiamu ya utungisho ndiyo huondoa zuio. Kwa hiyo dondoo lako, yaani majimaji ya mayai yaliyosagwa, likiwa limeponyoka na kuwa na viini vya duara kabla hujaongeza kitu, kalsiamu imeingia. Angalia EGTA, inayoikamata kalsiamu, kwenye bafa, angalia mayai yenye weusi uliojikusanya juu, ambayo yameshaamka, na uyatoe moja moja kwa pipeti kabla ya kusaga. Yai moja bovu huharibu mengine.

Kinyume chake, umeongeza kalsiamu na dondoo likaingia hatua ya kupumzika lakini halirudi kwenye mgawanyiko. Ama umeacha sikloheksimidi, inayozuia kutengenezwa kwa protini, ndani, na bila protini mpya hakuna saiklini. Ama umelipunguza makali kwa bafa nyingi mno. Ongeza saiklini iliyosafishwa. Likiamka, ulikuwa na uhaba wa saiklini. Lisipoamka, mizani imelemea kwa fosfatasi PP2A. Jaribu asidi ya okadaiki, inayoizuia.

Na usishangae afidikolini, inayozuia kunakili DNA, isipolizuia dondoo kuingia kwenye mgawanyiko. Katika kiinitete halisi mizunguko ya mwanzo huenda kila dakika 30 bila kungoja ukaguzi. Ukaguzi huonekana kwenye dondoo pale tu viini vinapokuwa vingi kwa kila mikrolita. Ongeza viini vya mbegu, ujaribu tena.

Seli za binadamu

Nokodazoli, dawa inayovunja nyuzi za kuvuta kromosomu, imezishikilia seli kwa usiku kucha, lakini asubuhi nyingi zimelala bapa zikiwa na DNA maradufu. Zimeteleza: saiklini B iliharibiwa taratibu hadi kinasi kikazimika bila kromosomu kutengana. Punguza muda, au zikusanye kwanza mlangoni kwa RO-3306, kizuizi cha CDK1, kisha uzioshe.

Kizuizi cha Wee1 kama adavosertibu hutoa kwa binadamu picha ileile tuliyoiona kwa pombe: seli zinaingia kwenye mgawanyiko zikiwa na DNA isiyokamilika. Palbosiklibu, inayozuia CDK4 na CDK6, inapaswa kuzisimamisha seli mwanzoni. Isipozisimamisha, kabla ya kuilaumu dawa angalia kama seli zako zina Rb, protini ya breki ambayo kinasi hizo huizima. Aina ya seli iitwayo HeLa haitakusaidia kwa jaribio hilo, kwa sababu virusi vilivyomo ndani yake huiondoa Rb. Chukua aina ya RPE1, weka dawa kwa muda wa saa 24, na kilele cha 2C, ambacho kwa seli hizi zenye seti mbili za kromosomu ndicho cha mwanzo, kitakuwa mbele yako.